Fyuzi tatu, chanzo kimoja: kisa cha mashine ya moshi iliyonunuliwa ikiwa imetumika

Kisa hiki nimekiandika kwa ajili ya mafundi wanaoanza, na kwa viongozi wa vikundi vya sanaa wanaonunua vifaa vilivyokwisha kutumika. Majina ya watu, mahali na chapa ya mashine nimeviondoa. Kosa langu nimeliacha lilivyo, maana ndilo lenye faida kubwa kwa msomaji.

## Usuli

Kikundi cha maigizo cha vijana kilinunua mashine ya moshi ya jukwaani kutoka kwa mtu aliyekuwa akiuza vifaa vyake vyote vya taa na muziki. Kibao cha nyuma kilisema wati 1000, volti 230. Muuzaji aliwaambia ni nzima, ila haijawashwa siku nyingi. Walipofika nayo kwao waliijaza maji ya moshi, wakaiwasha, taa nyekundu ikawaka. Wakasubiri. Taa ya kijani kwenye rimoti, ile inayoonyesha kwamba mashine iko tayari, haikuwaka. Baada ya nusu saa mmoja wao akagusa bati la juu, akakuta baridi ileile iliyotoka nayo stoo.

Zilikuwa zimebaki siku tisa kabla ya onyesho. Kiongozi wao aliponiletea alisema, "Fundi, hebu nitazamie, labda kuna waya umechomoka tu." Nilimwambia nitaangalia, lakini moyoni nilikuwa nimeshakubaliana naye kwamba ni jambo dogo. Naitaja hali hiyo ya moyo kwa sababu ndiyo iliyoniongoza kwenye hatua yangu ya kwanza.

## Mashine hii inavyofanya kazi

Bila kuelewa sehemu hii, mengine yote yatakuwa kubahatisha, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Kinachoitwa moshi si moshi. Hakuna kinachoungua. Maji ya moshi ni mchanganyiko wa maji safi na glaikoli, au maji na gliserini. Pampu ndogo huyavuta kutoka kwenye tangi kupitia filta, ikayasukuma ndani ya bomba jembamba lililozungushwa kama chemchemi ndani ya bloku nzito ya aluminiamu. Ndani ya bloku hiyohiyo mna hita. Maji huchemka kwa nyuzi 100, na propilini glaikoli kwa nyuzi 188, kwa hiyo bloku ikiwa imepita nyuzi 200 maji na glaikoli vinavyoingia vinageuka mvuke, vinavimba ghafla, na vinatoka kwa nguvu kwenye tundu dogo la nozeli. Mvuke ukikutana na hewa baridi ya nje unagandamana kuwa matone madogo mno yanayoelea. Hayo matone ndiyo yanayoonekana kwenye mwanga wa taa.

Joto la bloku linasimamiwa na vitu viwili. Cha kwanza ni themostati, kisahani cha metali mbili kilichokaa ndani ya kibweta kidogo kilichobanwa juu ya bloku. Kikipata joto lililopangwa kinapinduka, "tak", na kukata umeme wa hita. Kwenye mashine hii themostati ilikuwa na miguu mitatu: ikikata hita, papo hapo inapeleka umeme kwenye taa ya kijani na kwenye pampu. Ndiyo maana bloku ikiwa baridi unaweza kubonyeza rimoti mpaka kidole kiume na pampu isitoe hata sauti. Themostati hiyo ilipigwa chapa ya nyuzi 210.

Cha pili ni fyuzi ya joto. Hii haina hiari ya pili. Ikifika nyuzi zilizoandikwa ubavuni mwake inakata, na ikikata haiungani tena. Ya mashine hii iliandikwa 240, nayo ilibanwa pembeni mwa bloku, mahali penye joto la chini kidogo kuliko katikati. Kazi yake ni moja tu: kuizima mashine siku themostati itakaposhindwa.

Sentensi hiyo ya mwisho niliijua vizuri kabla sijafungua skrubu hata moja. Kuijua hakukunisaidia.

## Vipimo vya kwanza

Niliichomoa waya, nikamwaga tangi, nikafungua bati la juu. Maji yaliyotoka yalikuwa ya manjano, mazito, na yenye harufu ya kuchacha. Waya wa ethi, ule wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, ulikuwa mzima hadi kwenye bati. Nilipima kinga ya umeme, yaani kama umeme unavuja, kati ya hita na bati kwa kipimo cha volti 500, nikapata megaomu 8. Inaridhisha kwa hita iliyokaa stoo muda mrefu. Unga wa ndani ya hita za aina hii hunyonya unyevu hewani na kuutoa ukipashwa moto. Ningepata chini ya megaomu 1 nisingeendelea kabla ya kuikausha.

Kisha hita yenyewe. Wati 1000 kwa volti 230 ni ampea 4.3 hivi, na ukinzani wake unapaswa kuwa karibu na omu 53. Mita ikaonyesha 53.6. Hita nzima. Themostati, miguu ya upande wa hita: omu 0.2, yaani imefunga na inapitisha umeme, kama inavyotakiwa ikiwa baridi. Fyuzi ya joto: mita ikakaa kimya. Imekata.

Nilifurahi. Kosa limepatikana ndani ya dakika ishirini.

Sasa nieleze nilichokiona bila kukitazama. Fyuzi ile ilikuwa imeunganishwa kwa vibanio viwili vyenye rangi ya shaba, ilhali vibanio vingine vyote ndani ya mashine vilikuwa vyeupe. Soksi yake ya nyuzi za kioo ilikuwa mpya zaidi ya soksi za jirani zake, haina doa la hudhurungi hata moja. Fyuzi ile haikutoka kiwandani. Mtu mwingine alishakaa mbele ya mashine hii, akakuta fyuzi imekufa, akaweka mpya, akaifunga. Kisha ile mpya nayo ikafa, na mashine ikaingia stoo mpaka iliponunuliwa. Yote hayo yalikuwa yameandikwa pale mbele ya macho yangu kwa rangi ya vibanio viwili.

## Uamuzi wa kwanza, na kosa langu

Nilikuwa na fyuzi mbili za nyuzi 240 kwenye kisanduku cha spea. Nikaamua kuweka moja kisha niwashe nitazame. Sababu zangu zilikuwa tatu: hita imepimwa ni nzima, themostati imepimwa imefunga, na muda ni mfupi. Niliibana kwa koleo la vibanio. Usitumie lehemu kwenye fyuzi ya joto. Moto wa chuma cha kulehemu hupita kwenye mguu wake na unaweza kuikata kabla haijafanya kazi siku moja.

Nikabana mita ya ampea kwenye waya mmoja, nikashika kipimajoto cha miale, kile cha umbo la bunduki, nikaelekeza doa jekundu kwenye bloku. Nikawasha. Ampea 4.3, barabara. Joto likaanza kupanda: 40, 58, 71. Dakika ya sita kikasoma 96. Nikajisemea, bloku nzito, inachelewa. Dakika ya saba mita ya ampea ikaanguka hadi sifuri.

Nikadhani themostati imekata. Nikangoja taa ya kijani. Haikuwaka. Nikangoja tena, nikabonyeza rimoti, kimya. Ndipo nilipoona hewa juu ya bloku inatetema kama ya barabarani jua la mchana. Nyuzi 96 haziwezi kutetemesha hewa namna hiyo.

Nilichomoa waya. Bloku ilipopoa nikapima fyuzi. Imekata. Ya tatu hiyo, kwa hesabu ya mashine.

Kipimajoto cha miale hakikuharibika. Nilikitumia mahali pasipo pake. Kifaa kile hakigusi kitu. Kinasoma miale ya joto inayotoka kwenye uso, na kimetengenezwa kwa kudhani kwamba uso huo unatoa miale karibu yote unayostahili kutoa, kama zinavyofanya mbao, rangi, mpira au ngozi. Aluminiamu inayong'aa hutoa sehemu ndogo tu ya miale hiyo, na inayobaki ni miale ya chumba inayoakisiwa kama kwenye kioo. Kwa hiyo bloku yenye nyuzi zaidi ya 200 inaweza kusomeka kama chai iliyopoa. Dawa yake ni rahisi: bandika kipande cha utepe mweusi unaostahimili joto, au paka doa la rangi nyeusi ya jiko, usome hapo. Au tumia themokapo, waya wa kipimajoto unaogusa chuma chenyewe. Themokapo ilikuwa kwenye droo, hatua mbili kutoka mezani.

## Alama ya hilali

Siku ya pili sikugusa fyuzi. Nilianza na swali ambalo lilistahili kuja kwanza: kwa nini themostati haikukata?

Inaweza kuwa imeganda ndani, viungo vyake vimeshikana kwa cheche za miaka. Inaweza kuwa ya nyuzi zisizo zake. Au inaweza kuwa nzima kabisa lakini haipati habari za bloku. Nilipokuwa naifungua, skrubu zake mbili zilinipa jibu kabla ya kipimo chochote. Ya kushoto ilikuwa na urefu wa milimita 6. Ya kulia ilikuwa na 10, na kichwa chake kilikuwa cha aina nyingine.

Tundu la skrubu kwenye bloku halitokei upande wa pili, lina kitako. Skrubu ndefu ilikuwa inafika kitakoni na kukaza pale, kabla kichwa chake hakijalibana sikio la themostati. Ukijaribu kwa bisibisi unaikuta imekaza kweli. Mimi mwenyewe siku ya kwanza niliijaribu, ikagoma kuzunguka, nikaridhika. Ilikuwa imekaza kwenye tundu, wala si kwenye themostati.

Nilipoinua themostati, chini yake palikuwa na grisi ya joto iliyokauka ikawa unga mweupe. Kwenye aluminiamu palikuwa na alama ya mahali ilipokuwa ikigusa. Ingekuwa imekaa sawasawa, alama ingekuwa duara kamili. Ilikuwa hilali: mwezi mwembamba upande wa skrubu fupi, na sehemu yote iliyobaki imefunikwa na vumbi, ishara kwamba chuma hakikugusana na chuma hapo. Nilirudisha themostati ilivyokuwa, nikapenyeza karatasi upande wa kulia. Ikapita bila kukwama.

Kwa hiyo theluthi mbili za uso wa themostati zilikuwa zinapima hewa. Bloku ikifika 240, yenyewe bado inadhani iko 180. Fyuzi, iliyobanwa vizuri upande wake, ilikuwa inasema kweli mara zote tatu, na kila mara imeuawa kwa kusema kweli.

Niliijaribu themostati peke yake juu ya kipande cha aluminiamu, nikipasha kwa bunduki ya hewa moto, themokapo imebanwa pembeni yake. Ikapinduka kwa nyuzi 213, ikarudi kwa 187. Nzima. Hata hivyo niliibadilisha. Mwili wake wa plastiki ngumu ulikuwa umebadilika rangi kwa kupikwa kupita kiasi, na viungo vyake hubeba zaidi ya ampea nne kila mashine inapowaka. Nisingemlaumu fundi ambaye angeiacha. Mimi sikutaka kuifungua tena mashine hii katikati ya onyesho. Nikasafisha bloku mpaka iking'aa, nikaweka utando mwembamba wa grisi mpya ya kupitisha joto, ile ya kuhimili nyuzi za juu, na skrubu mbili za milimita 6 zinazofanana.

Kiongozi wa kikundi alipita jioni hiyo. Kuna mtu alimshauri fyuzi ipigwe dairekti, waya kwa waya, "kwa sababu ndiyo inayosumbua". Nilimwonyesha ile hilali, nikamweleza nini kingetokea. Bila fyuzi, na themostati ikiwa inapima hewa, bloku ingeendelea kupanda bila kitu cha kuizuia kwa wakati. Maganda ya waya yangeanza kuungua. Maji ya moshi yenye gliserini yakipashwa kupita nyuzi 280 hivi huanza kuvunjika na kutoa akrolini, hewa inayochoma macho, koo na mapafu hata ikiwa kidogo. Vijana wake wangekuwa wanaimba ndani ya hewa hiyo. Hakuuliza tena.

Nikaweka fyuzi ya pili kati ya zile zangu mbili, safari hii themokapo imebanwa kwenye bloku. Dakika ya tano na nusu, nyuzi 211, "tak". Ampea sifuri, taa ya kijani ikawaka. Nikaiacha ipande na kushuka mizunguko sita kabla sijaiamini. Kinga ya umeme, nilipoipima tena ikiwa imepoa, ilikuwa imepanda kupita megaomu 100. Unyevu wa stoo umetoka.

## Pampu iliyonguruma bure

Hapo ndipo tatizo la pili lilipojitokeza, ambalo la kwanza lilikuwa limelificha. Nilijaza maji mapya kidogo, nikabonyeza rimoti. Pampu ikanguruma kwa sauti kavu ya juu, uzi mwembamba wa moshi ukatoka, ukakatika. Nikaachia mara moja.

Kuachia huko ni muhimu. Pampu za namna hii ni pistoni ya chuma ndani ya koili, inayovutwa na sumaku na kurudishwa na chemchemi mara 50 kwa sekunde kwenye umeme wa hezi 50. Kinachoipoza na kuilainisha ni majimaji yanayopita ndani yake. Ikinguruma kavu inajipika. Mtu akishikilia kitufe kwa matumaini kwamba "itavuta", anaiua pampu ambayo huenda ilikuwa nzima.

Safari hii sikubahatisha. Njia ya maji ina nusu mbili: kabla ya pampu na baada yake. Bloku ilipokuwa baridi nilifungua bomba la kutokea kwenye pampu, nikalielekeza kwenye kikombe, nikaipa pampu umeme wake moja kwa moja kwa sekunde chache. Matone tu. Basi tatizo liko kwenye pampu au kabla yake. Nikatoa filta ya tangini: ilikuwa imevikwa ute wa rangi ya asali. Nikaiosha kwa maji ya uvuguvugu, nikarudia, mkondo ukatoka ulionyooka na usiokatika. Pampu nzima. Nikafunga bomba la bloku, mkondo ukafa tena. Kwa hiyo mbele nako kumeziba.

Nozeli ilitoka kwa spana, bloku ikiwa baridi kabisa, saa tatu baada ya kuzimwa. Usiifungue ikiwa na joto. Nyuma yake kunaweza kuwa na mvuke uliobanwa unaotafuta pa kutokea, na uso wako ndio ulio mbele. Tundu lake lilikuwa limebaki kama ncha ya sindano, limezungukwa na ukoko mweusi, na nyuma ya ukoko kulikuwa na tabaka jeupe kama la ndani ya birika. Mweusi ni mabaki ya glaikoli na sukari au manukato yaliyoungua. Mweupe ni chokaa ya maji ya bomba. Mtu alikuwa ameongeza maji ya bomba ili maji ya moshi yasiishe haraka.

Nilizibua tundu kwa uzi mwembamba kabisa wa gitaa, nikiuingiza na kuutoa bila kuuzungusha. Sikutumia keekee: tundu likipanuka, majimaji hupita kabla hayajageuka mvuke, na mashine inatema matone badala ya moshi. Kwa bomba la ndani nilichanganya siki nyeupe sehemu moja na maji yaliyokenekwa sehemu nne, nikayasukuma kwanza bloku ikiwa baridi na nozeli imetolewa, nikayaacha yakae, kisha nikarudisha nozeli na kuyapitisha kwa moto, sekunde chache kila mara, nje kwenye hewa. Mipigo ya kwanza ilitema vipande vya kahawia. Baada ya tangi dogo la pili ukawa mvuke mweupe wenye harufu ya siki tu. Nikamalizia kwa maji yaliyokenekwa matupu ili siki isibaki ikila chuma, kisha maji ya moshi mapya ya dukani.

Vijana waliuliza kama wanaweza kujichanganyia wenyewe kwa gliserini. Nilikataa kwa mashine hii. Nilikuwa nimetoka kukwangua matokeo ya mchanganyiko wa mtu.

Rimoti sitaisemea sana. Kitufe chake kilibeba umeme kamili wa volti 230, na kasha lake lilikuwa na ufa uliozibwa kwa utepe. Niliibadilisha na sikutoa nafasi ya mjadala.

## Matokeo

Mashine ilirudi kwa wenyewe siku ya sita. Inapata moto ndani ya dakika tano na nusu, inapiga moshi mnene kwa sekunde ishirini hivi kabla themostati haijairudisha kwenye kupasha, na inakuwa tayari tena ndani ya dakika moja. Onyesho lilifanyika nayo.

Haikuwa kamili. Baada ya kila mpigo nozeli hudondosha matone machache, kwa kuwa maji yaliyobaki kwenye bomba la moto huendelea kuchemka na kujisukuma nje. Sikuwaambia hilo kwa uzito unaostahili. Siku ya mazoezi msichana mmoja aliteleza kwenye doa mbele ya mashine akajishika kwenye pazia. Glaikoli sakafuni huteleza kama sabuni. Ndipo wakaweka sinia chini ya nozeli na kuisogeza mashine mita mbili nyuma ya njia ya waigizaji. Na kwa kuwa baadhi ya ving'ora vya moto hutambua ukungu huu kama moshi wa kweli, walizungumza na msimamizi wa ukumbi mapema.

## Uchambuzi

Kilichofanya kazi ni kugawa njia ya maji katikati na kupima kila nusu peke yake. Pampu, filta, bomba na nozeli zote zilikuwa washukiwa, na mashine yenyewe ilitoa dalili moja tu, ngurumo kavu. Kama ningeanza kwa kununua pampu mpya, ambayo ndiyo ushauri wa kwanza unaotolewa kila mashine ya moshi inapokataa, ningeifunga mbele ya nozeli ileile iliyoziba na kuipika nayo.

Kilichoshindwa ni siku yangu ya kwanza, na nikiichunguza naona makosa matatu yaliyoshikana mikono. Nilipima themostati ikiwa baridi na nikaihesabu nzima. Kipimo kile kilithibitisha kwamba inaweza kufunga. Kazi yake ni kufungua, na kufungua nilikuwa sijakupima. Pili, nilichukua fyuzi iliyokufa kuwa ndiyo ugonjwa. Fyuzi ya joto karibu haifi yenyewe. Kabla ya kuweka nyingine ilinipasa niwe na jina la kilichoiua: themostati iliyoganda, themostati isiyogusa, fyuzi ya nyuzi zisizofaa, au mkono wa fundi aliyetumia lehemu. Sikuwa na jina lolote. Nilikuwa na spea.

Kosa la tatu ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu nilikuwa nimeshika kifaa cha kupima mkononi. Laiti nisingekuwa na kipimajoto chochote, ningekuwa mwangalifu. Ningechomoa waya dakika ya tano kwa hofu tu. Namba 96 ilininyima hofu hiyo. Nilikuwa na ushahidi mwingine uliopingana nayo: wati 1000 zimeingia kwenye bloku ile kwa dakika saba. Kwa mashine iliyoandikiwa kupata moto ndani ya dakika tano au sita, nyuzi 96 kwenye dakika ya saba ilitosha kunifanya nikitilie shaka kipimo, si bloku.

Kuhusu aliyeweka ile skrubu ya milimita 10, sidhani alikuwa mzembe. Nadhani skrubu ya kwanza ilidondoka ndani ya mashine au chini ya meza, akachukua iliyoingia vizuri kwenye uzi wa tundu, akaikaza mpaka ikagoma. Mkono wake ulimwambia imekaza, kama wangu ulivyoniambia. Ndiyo sababu sasa sijaribu themostati kwa bisibisi. Najaribu kwa karatasi, pande zote, na nikifungua natazama alama iliyobaki kwenye chuma.

Baada ya kufunga zile skrubu mbili fupi nilichora mstari mmoja wa rangi nyeupe kutoka kichwa cha kila skrubu hadi kwenye sikio la themostati. Miezi kadhaa baadaye waliileta tena, waya wa rimoti umekanyagwa na gurudumu la sanduku la vifaa. Nilifungua bati la juu japo kazi haikuhitaji. Mistari yote miwili ilikuwa imenyooka kama nilivyoichora, na fyuzi ilikuwa ileile.